Kiti cha Alfani

Mwanaima binti Tsofa alizaliwa katika kijiji nyuma ya Waa, pwani ya kusini ya Kenya, akaolewa huko huko, na hakuwahi kulala nje ya kijiji ila kwa matanga na harusi. Mumewe, Boga, alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa maneno machache. Mwanaima mwenyewe alishona makuti. Mahoteli ya Diani yalipotaka kuezeka upya, mawakala walikuwa wakipita barabarani wakiulizia makuti ya Mwanaima, kwa sababu aliyakaza vizuri na hayakuwahi kuvuja. Katika uzazi wake alizika watoto wawili kabla hawajaacha ziwa. Aliyebaki ni Alfani, na Boga alipofariki, Mwanaima aliendelea kukaa ua mmoja na mwanawe huyo na mkewe, Twaiba.

Alfani na Twaiba walipata mtoto wa kiume. Alipoanza kusimama dede, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, macho yakawa manjano, akafa. Wa pili, Rashad, naye alikuwa mgonjwa mgonjwa, leo mzima kesho analia mifupa, lakini alikua, akaanza chuo cha Kurani, na watu wakasema huyu amevuka. Hakuvuka. Maumivu yalimshika kifuani na mgongoni, wakampeleka kwa mganga kwanza, na walipofika hospitali mtoto alikuwa hana tena nguvu ya kulia.

Baada ya arobaini, Alfani alirudi kwa yule mganga. Mganga alimwambia kwamba anayekula watoto wake ni mtu mzima, wa ua ule ule, na kwamba alianza na wa kwake mwenyewe. Hakutaja jina, na wala hakuhitaji kulitaja.

Mwanaima alijua kwamba jambo limeharibika siku aliyomwona mwanawe akitoboa ukuta wa nyumba yake upande wa nyuma. Alifanya kazi hiyo peke yake. Alitia mlango mpya unaotazama barabarani, na ule wa zamani, uliotokea uani kwa mamake, akauziba kwa matofali.

"Alfani, mlango ule una nini?" Mwanaima alimwuliza.

"Upepo," Alfani alijibu, asigeuze uso.

Tangu hapo salamu zikapungua. Wanawake waliokuwa wakishona makuti pamoja naye walianza kushona kwao. Alipopita, watoto waliitwa ndani. Twaiba alikuwa mjamzito tena, na kila Mwanaima alipotoka nje, Twaiba alijifunika tumbo kwa leso.

Asubuhi moja Mwanaima alikuwa shambani akipalilia karanga. Walikuja vijana watatu na mapanga. Wawili walikuwa wamejifunga nyuso. Wa tatu, Mwinga, mtoto wa ndugu ya Boga, aliyekula kwake tangu utotoni, hakuona haja ya kujificha. Mwanaima aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilichukua vidole vitatu, pigo la pili likamwingia begani. Akina mama waliokuwa wakiokota kuni walipiga ukunga wakiita watu, vijana wakakimbia.

Alilazwa hospitali ya Msambweni muda mrefu. Polisi walipomjia kitandani aliwaambia kwamba hakumtambua mtu. Nyumba yake ilichomwa moto angali wodini, kwa hiyo alipotoka alikwenda Ukunda, kwa mpwa wake Maimuna, aliyekuwa akiuza viazi karai na chai karibu na stendi.

Jeraha lilipona. Yeye hakupona. Ukunda ina wauza madafu kila kona, na kila muuza madafu ana panga lake, kwa hiyo Mwanaima hakutoka nje. Alikaa chumbani akiutazama mlango. Akisinzia, alishtuka akiwa ameinua mkono. Makuti hayangeshoneka tena kwa mkono ule. Maimuna alivumilia, akimpikia na kumwosha, mpaka siku shangazi yake alipomwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akichambua mchele:

"Maimuna, mtu anaweza kuua bila ya kujua?"

Maimuna aliogopa. Hakujua kama anaogopa kwa ajili ya shangazi au anamwogopa shangazi mwenyewe. Alikwenda kumweleza muuguzi mmoja aliyekuwa akinywa chai kwake, na muuguzi akawaelekeza kwa mshauri nasaha aliyekuwa akifanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya zahanati, kwa mradi uliokuwa ukiwasaidia wazee waliosingiziwa uchawi.

Mshauri huyo aliitwa Nadhira. Asili yake ni Jego, kule kusini karibu na Vanga, na alikuwa na umri ambao angeweza kuwa binti wa mwisho wa Mwanaima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Dawa utanipa?"

"Sina dawa, bibi. Kazi yangu ni kukaa na watu, tukazungumza."

"Basi utanisomea dua."

"Wala sisomi. Utasema unalotaka kulisema, na halitatoka humu ndani, isipokuwa nikiona uhai wa mtu umo hatarini. Hilo nitakwambia wazi kabla sijalifanya."

Mwanaima alimtazama. "Maneno ndiyo yaliyonifikisha hapa," alisema. "Sasa wewe utanitibu kwa maneno."

Nadhira hakubishana naye. Mara za mwanzo Mwanaima alizungumza habari za karanga, mvua na bei ya makuti. Nadhira alisikiliza. Mara kwa mara alilichukua neno na kulirudisha polepole: "Unasema hata salamu walikunyima." Mwanaima alikereka.

"Mbona unanirudishia maneno yangu kama kasuku?"

"Nataka kujua kama nimeyashika sawa. Nikikosea, unisahihishe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwomba Mwanaima amsahihishe. Alirudi tena, na tena.

Baada ya muda Nadhira alimwingiza katika kikao cha pamoja. Walikuwa wazee wachache, wote wamepitia shida moja, wamekaa mduara kwenye viti vya plastiki. Fikra ilikuwa kwamba mtu akisikia kwa mwenzake lile alilodhani limempata yeye tu, mzigo hupungua. Kwa wengine ulipungua. Palikuwa na Mzee Kitsao, kutoka upande wa Samburu ya Kwale, aliyechomewa nyumba na wajukuu wa kaka yake. Kila zamu yake ilipofika alisema, "Mimi nimekuja kusikiliza." Mwanaima alimpenda kwa hilo, akawa anakaa karibu naye.

Siku moja Mzee Kitsao alisema neno jingine. Alisema amechoka kuwa mgeni, anakwenda kwake kutazama mbuzi. Nadhira alimsihi asubiri mpaka waandamane na chifu. Alisema atasubiri. Hakusubiri, na hakuwahi kulala hata usiku mmoja kwake. Waliomzika walikuwa wachache, na wengine kati yao walijua ni nani aliyemuua.

Mwanaima alikataa kurudi kikaoni. Nadhira alimfuata kwa Maimuna, akakaa juu ya mkeka. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mwanaima aliona kwamba binti yule amekuja bila ya kitu mkononi, hana la kufundisha, na labda kwa sababu hiyo alimwuliza swali lake.

"Mtu anaweza kuua bila ya kujua?"

Nadhira hakukimbilia kusema hapana. "Ni nini kinachokufanya uwaze hivyo?"

Mwanaima alieleza. Rashad alipoanza kuumwa mara ya mwisho, asubuhi yake yeye na Twaiba walikuwa wamegombana kwa ajili ya maji. Aliwahi kuota anamlisha yule mtoto wa kwanza, na mtoto akafa mwezi ule ule. Na watoto wake wawili wa ujanani walikufa mikononi mwake, akiwa anawanyonyesha. "Wote hao mimi nimo kati," alisema. "Kama si mimi, mganga angejuaje?"

"Tutayatazama moja moja," alisema Nadhira. "Hayo umeyaweka upande huu. Upande wa pili kuna nini? Wewe uligombana na watu wangapi maishani mwako wasife?"

Mwanaima karibu acheke. Aligombana na nusu ya kijiji.

Ndivyo walivyoendelea wiki hadi wiki. Wazo lilipomjia, alitakiwa asilifukuze wala asilikubali. Alitakiwa aliulize ushahidi wake, kama kadhi anavyowauliza mashahidi. Nadhira alimwuliza watoto waliumwa vipi. Mwanaima alitaja vidole vilivyovimba, macho ya manjano, mifupa. Nadhira aliyaandika. Kwa idhini ya Mwanaima alikwenda kumwuliza daktari wa zahanati, na mara iliyofuata alikuja na uso wa mtu aliyebeba habari njema.

"Bibi, nadhani wajukuu wako walikuwa na selimundu. Ni ugonjwa wa damu, na huku pwani uko tele. Hautumwi na mtu. Mtoto huzaliwa nao, akiurithi kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuubeba ndani wasiumwe hata siku moja."

Alitazamia kwamba Mwanaima atashusha pumzi. Badala yake Mwanaima aliuliza:

"Na Alfani aliubeba kutoka kwa nani?"

Nadhira aliliona jibu kabla hajalisema, na halikuwa na pa kufichwa. "Kwako, bibi, au kwa marehemu. Na kama wale wako wawili walikufa kwa huo huo, basi kwenu nyote wawili."

"Kwa hiyo ni kweli. Ulitoka kwangu."

"Ulijua kwamba unao?"

"Ningejuaje?"

"Uliuomba? Uliuchagua?"

"Nadhira," alisema Mwanaima, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "watu wetu husema uchawi nao hurithiwa. Kuna anayezaliwa nao asiujue, ukatoka ukafanya kazi yake yeye amelala. Sasa wewe umenionyesha kitu kilichotoka kwangu nisikijue, kikawaua. Tofauti yake ni nini?"

Nadhira alisema: "Sina jibu, bibi." Waliagana vibaya.

Mwanaima alikwenda mwenyewe zahanati, bila ya kumwambia mtu, akatolewa damu. Majibu yalipokuja yalithibitisha: alikuwa mbebaji. Maimuna alipoambiwa, alidhani atavunjika. Badala yake, alipofika kwa Nadhira na kukaa, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Hawa wangu wawili. Walikuwa wanaumwa, basi?"

"Walikuwa wanaumwa, bibi."

"Waliumwa tu."

"Waliumwa tu."

Akalia. Tangu ujana wake hakuwahi kuwalia wale watoto, kwa sababu hata wakati ule palikuwa na minong'ono, na mamake mzazi alimwonya kwamba mwanamke anayelia sana hutiliwa shaka. Alilia mpaka maji ya mtungi uliokuwa pale yakaisha kwa kumnywesha. Swali lake la tofauti ni nini lilibaki pale pale, lakini baada ya siku ile hakuliuliza tena kwa namna ile ile.

Lilibaki jambo la Alfani. Kila Nadhira alipolitaja jina hilo, Mwanaima aligeukia dirishani. Basi Nadhira alivuta kiti kitupu, akakiweka mbele yake.

"Huyu ni Alfani. Mwambie unalotaka kumwambia."

"Nizungumze na kiti?"

"Ukiona haya, tutaacha."

Mwanaima alikitazama kiti. Alisogeza leso kichwani, kama mtu aliyefikiwa na mgeni. Kisha akazungumza, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mama anayemwuliza mwanawe kwa nini amechelewa.

"Alfani. Nilikuona. Ulisimama kwenye mkanju kando ya shamba, pale tulipookota korosho, umevaa shati lako la kijani. Mwinga aliponipiga mara ya kwanza nilikutazama wewe, sikumtazama yeye. Nikasema sasa atakuja. Ukageuka ukatazama njia. Niliwaambia polisi sikumwona mtu kwa sababu, ningemtaja mmoja, ningeulizwa wa pili, na wa tatu, mpaka nifike kwako."

Nadhira hakuwa amejua. Hakuna aliyejua. Alimwacha amalize, kisha akamwuliza kama angetaka kukaa kwenye kile kiti yeye mwenyewe, aseme kama Alfani, kwa maana njia ile ya tiba huenda hivyo pia. Mwanaima alitikisa kichwa.

"Hapo siwezi. Simjui tena atasema nini."

Wakati huo Twaiba alikuwa amekwishajifungua mtoto wa kike, Waridi. Maimuna ndiye aliyempelekea habari za selimundu, kwa siri, sokoni. Vidole vya mtoto vilipoanza kuvimba, Twaiba alimleta zahanati kupimwa. Alikuwa nao ugonjwa. Safari hii alipewa vidonge vya kila siku, akaelezwa dalili za hatari, na mtoto hakufa. Hilo lilimpa Twaiba ujasiri wa kumwambia mumewe: njoo usikie.

Alfani alikuja naye kwa Nadhira. Alikuwa amekonda. Aliingia, akasimama, akauona mkono wa mamake, akakaa kwenye kiti kilichokuwa mbele yake bila ya kujua kwamba ni kile kile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nadhira alieleza utaratibu: kila mmoja atasema, mwenzake hatamkatiza, na hakuna anayehukumiwa mle ndani. Twaiba alianza. Aliomba radhi kwa kujifunika tumbo. Alfani alisikiliza habari za damu, akiwa ameinamisha kichwa.

"Daktari ameniambia na mimi naubeba," alisema. "Kwa hiyo watoto wangu nimewaua mimi?"

"Hujawaua," alisema Mwanaima. "Nami nililiuliza hilo. Hujawaua."

Kisha akaongeza:

"Lakini nilikuona kwenye mkanju."

Twaiba aligeuka kumtazama mumewe. Alfani alifunika uso kwa viganja.

"Nilikuja kuwazuia," alisema. "Mwinga aliniambia asubuhi, wanakwenda. Nilikuja mbio."

"Mbona hukuita?"

"Niliogopa."

"Uliwaogopa wao?"

"Wao. Na wewe, mama. Nilikuogopa wewe. Nilisema moyoni, kama si kweli, Mungu atamwokoa."

Mwanaima aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa mkoba wake uliopotea na kukuta ndani kimebaki kile alichokijua. Nadhira aliuliza kila mmoja anataka nini kwa mwenzake. Mwanaima alisema anataka jambo moja: Alfani aende kituoni akaseme aliyoyaona.

"Nitakwenda, mama," alisema Alfani.

Hakwenda. Mwanaima alingoja mpaka mvua za masika zikapita. Nadhira hakumsukuma, alimwuliza tu, kila walipokutana, kungoja kule kunamgharimu nini. Mwishowe Mwanaima alimwomba Maimuna amsindikize kituoni. Alimtaja Mwinga. Afisa alipomwuliza kama palikuwa na mtu mwingine aliyeona, alimtazama Maimuna kwanza.

"Mwanangu alikuwepo," alisema. "Alisimama."

Mwinga alikamatwa. Alfani alipopata habari alivuka mpaka, inasemekana yuko Tanga, kwenye vibarua vya ujenzi. Amepiga simu mara chache kumwuliza Twaiba hali ya mtoto. Mamake hajamwulizia. Kesi imeahirishwa na kuahirishwa, na upande wa Boga wametuma watu kusema kwamba mwanamke amewala wajukuu na sasa anakula wana wa ndugu kwa mahakama.

Twaiba alihamia Ukunda, kwa sababu kule nyuma ya Waa hakukalika tena. Wanapanga chumba kimoja, yeye, Mwanaima mavyaa wake na Waridi. Twaiba hufua nguo za watu. Mwanaima hukaa na mtoto. Siku za maumivu hupokezana kumbeba mpaka kuche. Usiku mwingine Mwanaima hulala, na usiku mwingine hakilali chochote ila ule mkono uliokufa ganzi. Sasa huweza kumpita muuza madafu, akipitia upande wa pili wa barabara.

Katika kikao chao cha mwisho, kwa maana fedha za mradi zilikuwa zimekwisha na chumba kinarudishwa kwa zahanati, Nadhira alimwuliza mambo ya nyumbani yanakwendaje.

"Ninapompikia mtoto uji," alisema Mwanaima, "Twaiba huonja kwanza. Hujifanya anapima moto wake. Lakini huonja hata ukiwa umepoa."

"Nawe unajisikiaje?"

"Vibaya."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Ungemwambia nini?"

Mwanaima alifikiri. Nje, fundi alikuwa amekwishaanza kubandua kibao cha mradi mlangoni.

"Ningemwambia aonje tu," alisema. "Amezika wawili. Ila siku akiweza kuacha, aache bila ya kuniambia. Nitaona mwenyewe."

Nadhira alimsindikiza mpaka barabarani, akampa namba yake ya simu, akamwambia ampigie wakati wowote. Mwanaima alimpigia mara mbili tatu. Kisha Nadhira alipata kazi Lamu, na simu zikawa za Idi kwa Idi. Twaiba bado huonja.